Paa la Watu Wasiolalamika

Mvua ya mawe iliyoupiga mji mdogo wa Haldor, Minnesota, mwezi wa Juni ilichukua dakika kumi na moja. Verlyn Tollefsrud alihitaji dakika tatu tu kuliua dai la bima la paa lake mwenyewe. Ardis, mkewe, alikuwa palepale jikoni akiosha vikombe. Alisikia kila neno, na akilikumbuka jambo hilo damu bado humchemka.

Simu ilikuwa kwenye spika, maana sikio la kushoto la Verlyn lilikufa zamani kwa kelele za matrekta. Binti wa kampuni ya bima, mwenye sauti laini ya watu wa kusini, alimweleza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Verlyn akajiweka sawa kitini kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Bwana Tollefsrud, paa limeharibika kiasi gani?"

"Ah," akasema Verlyn. "Sio mbaya sana."

"Maji yanaingia ndani?"

"Kidogo kidogo tu. Kuna wenzetu wamepata makubwa zaidi. Kule kwa akina Haugen mawe yamevunja mpaka kioo cha trekta."

"Na kabla ya mvua, paa lilikuwa na hali gani?"

"Lilikuwa paa tu, mama. Si la kujivunia. Lina miaka kumi na minne hilo."

Ardis alisimama na kikombe mkononi, povu likimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kidogo kidogo! Ndoo iliyowekwa miguuni pa kitanda chao ilijaa mara mbili kabla hakujakucha. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, linakauka upande mmoja huku upande wa pili unanuka. Yeye mwenyewe alikuwa amelala kwenye kochi na mgongo ulikuwa unamuuma kama amepigwa.

"Kwa nini hukumwambia?" akamuuliza Verlyn alipokata simu.

"Nimemwambia. Nimesema maji yanaingia."

"Umesema kidogo kidogo."

"Sasa ulitaka nimlilie mtoto wa watu kwenye simu?"

Hapo ndipo penye tatizo, na si la Verlyn peke yake. Watu wa upande ule wa Minnesota wamelelewa hivyo. Mtu amekatwa vidole viwili na mashine ya mahindi, ukimuuliza atakwambia amejikwaruza. Mtu amezika mama yake asubuhi, jioni atakwambia hajambo, na wewe je? Kulalamika kwao ni kama kuingia kanisani bila shati. Na ukiwakaribisha kahawa watakataa mara mbili hata kama koo limekauka, ndipo wakubali ya tatu, tena nusu kikombe. Kwa majirani tabia hiyo ni nzuri. Kwa kampuni ya bima ni sawa na kumpa fisi bucha alinde.

Lakini tuseme na la Ardis, ingawa yeye mwenyewe hakulisema kwa miezi mitatu.

Kampuni ilimtuma mkaguzi wa kwanza siku nne baada ya ile simu. Walipewa taarifa jana yake mchana. Ardis aliposikia mgeni anakuja, tena mgeni wa kuingia hadi chumbani, alikumbwa na homa ambayo mama yake naye alikuwa nayo. Alideki. Alifua mapazia. Alishusha ndoo zote chumba cha chini akazifunika kwa shuka. Kisha akainua macho akaliona doa la maji kwenye dari ya chumba cha kulala, kubwa kama meza, rangi ya chai iliyokolea. Mgeni aone vile? Aende akasimulie kwamba nyumba ya akina Tollefsrud iko hivyo? Akapanda juu ya kiti akiwa na brashi na rangi nyeupe iliyobaki tangu walipopaka bafu. Akapaka mkono wa kwanza, akangoja ukauke, akapaka wa pili.

Mkaguzi alikaa dakika ishirini. Aliangalia dari, akapiga picha, akasifu usafi wa nyumba. Ardis alifurahi, maskini. Alimfungia hata vipande vya keki ale njiani.

Barua ilikuja mwishoni mwa Julai. Ardis aliifungua akiwa amesimama mlangoni, miwani puani. Dai limekataliwa. Mwenye nyumba mwenyewe, katika maelezo yaliyorekodiwa, amesema uharibifu "sio mbaya sana" na kwamba paa lilikuwa kuukuu. Aidha mkaguzi hakuona alama yoyote ya maji kwenye dari. Kilichopo ni uchakavu wa kawaida, na bima hailipi uchakavu.

Sentensi ya maelezo yaliyorekodiwa aliisoma kwa sauti kubwa, ili Verlyn aisikie. Ile ya dari aliipitia kimya kimya. Kisha akaikunja barua haraka kuliko ilivyostahili.

"Umeona?" akasema. "Umeona ulichokifanya?"

"Sawa," akasema Verlyn. "Wamesema hapana. Hapana ni hapana." Akajikuna shavu. "Nitaliezeka mwenyewe."

Hapo Ardis akaacha kugomba, akaogopa.

Kwa maana huyu Verlyn anayetaka kuezeka ana miaka sabini na tatu. Mwezi wa Februari alianguka akizoa theluji, wakampeleka hospitali ya wilaya, wakamtia vibomba viwili vidogo kwenye mishipa ya moyo. Daktari, mwanamke mfupi asiyecheka, alimwambia mbele ya Ardis: hakuna kubeba mizigo, hakuna ngazi. Ngazi aliitaja mara mbili. Verlyn aliitikia kwa adabu zote, na siku ileile walipofika nyumbani akapanda kubadilisha taa ya barazani.

Na sasa, wiki moja baada ya barua, alirudi kutoka mji wa Willmar na lori la kukodi. Akashusha gereji vifurushi arobaini vya vigae vya lami vilivyokuwa vikiuzwa bei ya kutupa kwa sababu rangi yake, kijani cha njegere, hakuna aliyeitaka. Kila kifurushi kilo thelathini na kitu. Ardis alivihesabu dirishani, kimoja baada ya kingine, huku mumewe akisimama kati ya safari na safari, mkono kiunoni, akijifanya anaangalia mawingu.

Ndipo alipojua kwamba hii si habari ya paa tena. Kama bima ingelipa, wangekuja vijana wa kazi na mashine zao wakamaliza kwa siku mbili. Isipolipa, huyu mwanamume angepanda, na angeshuka kwa miguu yake au kwa njia nyingine. Alikuwa ameapa kuanza Septemba ikifika katikati, kabla ya baridi. Ardis alijaribu kumzuia kwa maneno na Verlyn akamjibu, kama kawaida yake, kwa kutikisa kichwa na kuendelea na alichokuwa akifanya. Ukigombana na mtu asiyejibu unachoka peke yako.

Akamwendea Glenda Pasquale, jirani wa nyumba ya pili. Glenda alitoka Chicago miaka thelathini na moja iliyopita, na kwa watu wa Haldor bado ni mgeni, kwa sababu anasema mambo. Paa lake lilikuwa jipya. Kampuni ileile, mvua ileile.

"Ulifanyaje?" Ardis akauliza.

"Nililia, shosti. Nililia mpaka yule binti wa simu akalia. Nikawaambia paka wangu hali chakula kwa mshtuko."

"Kwani una paka?"

"Nilikuwa naye." Glenda akamwangalia kwa huruma. "Nyinyi hamwezi kulia. Basi angalau semeni ukweli. Piga simu, waambie unataka ukaguzi wa pili. Ni haki yako. Na wakija, wanachora mraba kwa chaki juu ya paa, futi kumi kwa kumi, wanahesabu alama za mawe. Zikifika nane, upande huo umepita. Zikiwa saba, imekula kwako. Sasa usikubali wachore mahali wanapotaka wao!"

Mficha maradhi kifo humuumbua, Waswahili husema, na Glenda angeipenda sana methali hiyo kama angeijua.

Ardis akapiga simu. Aliwekewa muziki wa kinanda dakika hamsini. Akahamishwa idara, akaambiwa arudie namba ya dai, akahamishwa tena, laini ikakatika. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu aliambiwa na mtu mmoja kwamba ukaguzi wa pili hauwezekani, na mwingine, saa moja baadaye, kwamba unawezekana ila fomu yake haipo. Siku ya tano alikuwa amejifunza ule muziki wote na alikuwa akiuimba bila kujua akichekecha unga. Alitamani kupiga kelele. Badala yake kila mara alisema, "Asante sana, samahani kwa usumbufu," kisha anaweka simu chini na kukichapa kitambaa mezani. Siku ya tisa wakampa tarehe: Septemba kumi na moja, saa nne asubuhi.

Jioni ya Septemba kumi walifanya mazoezi mezani, Ardis akiwa mkaguzi.

"Mzee, paa lako lina hali gani?"

"Limeharibika," akasema Verlyn kama anayetapika jiwe.

"Kiasi gani?"

"Kiasi... cha kutosha."

"Verlyn!"

"Basi, vibaya! Limeharibika vibaya. Umeridhika?" Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mtu akisikia atadhani nataka kuwaibia."

"Nani amwibie nani? Tumewalipa miaka arobaini na minne hatujawaomba hata msumari!"

"Mimi nimeshasema la kwangu, mama. Limerekodiwa. Nikibadilisha leo, nitakuwa nilidanganya siku ile au nadanganya leo. Chagua moja."

Ardis akainuka kukusanya vikombe. Kwa nje alikuwa na hasira. Kwa ndani, lile doa lililopakwa rangi lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkaguzi wa pili aliitwa Darrin Kvale, kijana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa vijiji vya jirani, mwenye buti zilizopigwa brashi. Alikataa kahawa mara mbili. Verlyn alimuuliza ya tatu akakubali nusu kikombe, na Ardis akaona kwa uchungu kwamba walikuwa wamepata mtu wao wenyewe kabisa. Darrin akapanda na ngazi yake. Nyumba ni ya chini, haina ghorofa, na paa lake halikuinuka sana, kwa hiyo kila kitu kilisikika. Walimsikia akitembea. Walisikia chaki ikikwaruza upande wa magharibi, ulikotokea upepo siku ile.

"Sita!" akasema, akichungulia ukingoni. "Pole, mzee. Inatakiwa nane."

Verlyn, aliyekuwa ameshika miguu ya ngazi, akaguna. "Kama ni sita ni sita."

"Umechora wapi?" Ardis akauliza.

"Hapa karibu na bomba la moshi, mama."

"Mti wa jirani Lofgren unakinga mawe hapo! Chora kule mwisho, juu ya chumba cha kulala!"

Darrin akaangalia kule mwisho, akaangalia saa. "Kwa kawaida tunachora mara moja kila upande. Mwenye nyumba akiomba mwingine... sasa, mzee, ungependa nichore tena?"

Hii hapa ilikuwa nafasi. Ilikuwa imewekwa mbele ya Verlyn kama sahani, na kijiko pembeni. Ardis alimkodolea macho mpaka yakamuuma.

"Ah," akasema Verlyn. "Sitaki kukupotezea muda. Fanya unavyoona."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayonyamaza kimya. Ya Ardis ilikuwa ya pili. Alivua aproni, akaitundika kwenye mlango wa gereji, akamsogeza mumewe kwa kiwiko na kuweka mguu kwenye ngazi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Shika ngazi."

"Mama, kampuni hairuhusu," Darrin akasema kutoka juu. "Kwa kweli hairuhusu, mtu akianguka—"

"Basi nipe mkono nisianguke."

Alikuwa na miaka sabini na moja na hakuwahi kupanda paa lile hata siku moja. Magoti yalilia kila hatua. Alipofika juu alitambaa kwa mikono na magoti, sketi ikikwama kwenye vigae vikavu, mpaka kule mwisho, juu ya mahali anapoweka kichwa chake akilala. Huko hakuhitaji miwani. Vigae vilikuwa vimepondwapondwa, changarawe yake imechopoka, vishimo vyeusi vimetapakaa. Akakaa kitako katikati.

"Chora hapa," akasema. "Naomba. Naomba kwa kinywa changu. Sishuki mpaka uchore."

Darrin alichora akimzunguka. Alihesabu, akaenda, akarudi, akahesabu tena.

"Kumi na tatu," akasema taratibu. Akachuchumaa ukingoni, mahali ambapo Verlyn angeweza kumwona, na kutoa simu yake. "Upande huu umepita, mama, hilo nitaliandika. Ila faili lina shida. Wakubwa wangu hawaangalii paa, wanaangalia faili. Faili linasema mzee alikiri sio mbaya sana, na linasema dari ni nyeupe, haina doa. Nikipeleka alama kumi na tatu bila maelezo mapya, watasema mawe haya ni ya mvua nyingine. Nahitaji maelezo. Nitarekodi. Kama hamna la kubadilisha, semeni tu hamna."

Akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Huko chini Verlyn alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika ngazi kwa mikono miwili ingawa hakuna aliyekuwa juu yake.

"Nilisema nilichosema," akasema. "Siwezi kujigeuza."

"Dari niliipaka mimi," Ardis akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Upepo ulikuwa unampeperushia nywele machoni naye hakuzitoa.

"Kulikuwa na doa kubwa kama meza. Nililipaka rangi siku moja kabla mwenzako hajaja, mara mbili, kwa sababu mgeni anakuja. Ndoo nikazificha. Nimemlaumu huyu mzee tangu Julai kwa maneno yake, asubuhi, mchana na jioni, na mimi nilifanya vibaya kuliko yeye." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Andika hivyo. Naona haya mpaka nataka kuzama. Andika."

"Mama," Verlyn akasema.

"Na wewe!" Akageuka kumtazama chini, na sasa zile kelele alizozimeza siku zote zikatoka. "Unasema huwezi kudanganya. Ulidanganya mwezi wa Juni, Verlyn! Mtu alikuuliza maji yanaingia, ukamwambia kidogo, na miguu yako ilikuwa imelowa! Huo si upole, huo ni uongo! Na mimi sitaki paa. Unasikia? Mimi paa silitaki! Nataka usipande huku ufe, uniache peke yangu na vigae vya rangi ya njegere!"

Kule nyumba ya pili Glenda alikuwa ametoka na kikombe chake, akasimama uani bila haya. Darrin aliitazama simu yake kana kwamba angependa kuizima na hajui kama inafaa.

Verlyn akainua kichwa. Alipoanza kusema, alisema kwa ile taa nyekundu na si kwa mkewe, polepole, kama mtu anayetembea juu ya barafu akiipima kwa mguu.

"Ndoo mbili kila usiku mvua ikinyesha," akasema. "Wakati mwingine tatu. Godoro limeoza. Ukutani nyuma ya kabati kumeota kuvu, sijamwonyesha mke wangu. Upande wa jikoni ubao wa paa umelainika, ukiubonyeza kidole kinaingia. Nilijua siku ile napiga simu. Ni mbaya. Ni mbaya sana, kijana."

"Asante, mzee," Darrin akasema kwa sauti ya chini. "Inatosha ki—"

"Na vile vifurushi." Verlyn hakuwa amemaliza. Ilionekana kwamba lango likishafunguliwa hakujua namna ya kulifunga. "Vifurushi arobaini. Nilipofika cha kumi na mbili kifua kilinibana. Nikangoja kikaacha. Tangu siku ile kinarudi. Nikipanda ngazi za chumba cha chini, kinarudi. Juzi kanisani tulipokuwa tunaimba. Jumatatu nilikwenda kwa daktari, akaniuliza naendeleaje." Akameza mate. "Nikamwambia vizuri tu."

Chaki ilibingirika kutoka mkononi mwa Darrin, ikagonga mfereji wa maji, ikaanguka kwenye nyasi.

"Na sasa hivi?" Ardis akauliza.

Verlyn akaangalia mikono yake kwenye ngazi. Ndipo Ardis alipoona kwamba haikuwa imeshika ngazi ili isimame. Ilikuwa imeshika ili yeye asimame.

Hakumbuki alivyoshuka. Glenda husema alishuka kinyumenyume kama msichana, bila kumgusa mtu, na kiatu kimoja kikabaki juu. Anachokumbuka Ardis ni kwamba shati la Verlyn lilikuwa limelowa jasho mgongoni na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Funguo," akasema.

"Naweza kuendesha," Verlyn akasema.

"Ingia upande wa pili."

Akamwingiza garini, akamfunga mkanda kama mtoto. Darrin naye alikuwa ameshuka, anakimbia pembeni ya gari huku ameshika makaratasi yake kifuani.

"Mama! Nitaandika paa zima! Pande zote mbili, na mbao, na dari! Kwa maelezo haya watalipa, nakuhakikishia, hawawezi kukataa! Nipige simu hospitali walete gari la wagonjwa?"

"Waambie tunakuja," Ardis akasema. "Waambie jina lake. Waambie ni moyo." Akarudisha gari nyuma akapita juu ya maua yake mwenyewe.

Hospitali ni dakika kumi na tisa, na gari la wagonjwa lingehitaji dakika thelathini kufika. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, mahindi pande zote mbili yamekauka tayari kuvunwa. Ardis aliendesha kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja wenye soksi. Alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Alikuwa amelegea kitini, rangi imemtoka, mkono umebana kifua, na aliona wazi kwamba hata sasa anatafuta neno dogo la kumtuliza.

"Niambie kweli," akasema. "Inauma kiasi gani?"

Verlyn alifumba macho.

"Inauma, Ardis," akasema. "Inauma vibaya sana. Naogopa."

Miaka arobaini na minne alikuwa akingoja huyu mtu amwambie jambo kama lilivyo. Sasa alikuwa ameambiwa, na angetoa paa, na nyumba, na kila kilichokuwa chini yake, ili asiwe amelisikia.

"Haya," akasema. "Endelea kuniambia. Usinyamaze." Akakanyaga mafuta.